Simu ya bei chee ilivyonila hela

Wauzaji wenzangu, simu yangu ya kwanza ya biashara niliinunua laki mbili, GB 32. Ndani ya mwaka ikajaa picha za mzigo, WhatsApp ikagoma. Mteja wa jumla kasubiri picha, kachoka, kanunua kwingine.

Siku hizi kabla sijatoa hela naangalia:

1. Nafasi: GB 128 kwenda juu.
2. Apdeti: za miaka mingapi? Samsung Galaxy A16 imeahidiwa 6. Zikikata, mbele ya safari programu zinakugomea.
3. Kioo na betri: fundi wa mtaani anavipata?
4. Piga *#06#, namba ifanane na ya kwenye boksi.

Halafu gawa bei kwa miaka. Ya laki nne ikidumu miaka minne, ni laki moja kwa mwaka. Yangu ilikula mbili.

Yako ina mwaka wa ngapi?