Kabla Hujalivisha Gari Kuukuu Tairi Kubwa, Piga Hesabu Hizi



Leo naongea na wewe mwenye Land Rover 109, Land Cruiser ya zamani au 4x4 yoyote ya kazi. Wewe unayekusanya dagaa kwenye mialo, unayesomba mpunga huko Magu na Misungwi, unayezungusha bidhaa minadani. Mimi nauza tairi na spea hapa Mwanza. Kila masika yakikaribia wateja wanakuja na ombi moja: "Nipe tairi kubwa, gari linyanyuke, lisinilaze njiani."

Ombi ni halali. Shida ni kwamba tairi kubwa haiji peke yake, inakuja na bili nyingine nyuma yake. Ukizijua bili hizo mapema unaamua vizuri. Usipozijua, utazikuta gereji wakati mtaji umeshakwisha.

1. Anza na saizi ya kiwandani

Land Rover 109 nyingi na Land Cruiser za kazi, zile za mkonga, zilitoka kiwandani na 7.50R16. Ni tairi ndefu na nyembamba, kimo chake kama milimita 805. Lakini gari kuukuu limepita mikono mingi. Kuna mmiliki alikwama hela akafunga tairi ndogo za bei nafuu, na wewe ukanunua gari ukidhani ndivyo lilivyo.

Mteja wangu mmoja, muuza dagaa, alikuja na hela ya mkopo wa kikoba. Land Rover yake ilikuwa inaburuza tumbo kwenye kila korongo. Akaniambia, "Dogo, nataka zile za inchi 35, 315/75R16." Nikamwambia, "Kaka, hebu tuangalie kwanza ulizonazo." Tukasoma ubavuni: 205/80R16. Kimo chake ni kama milimita 734 tu. Yaani gari lake lilikuwa limevaa viatu vya mtoto! Kulirudisha kwenye 7.50R16 peke yake kungeliinua kama milimita 35 bila kugusa kitu kingine.

Kwa hiyo angalia kitabu cha gari, au kibati cha saizi kama bado kipo. Huenda "tairi kubwa" unayoitafuta ni ile ile gari lilizaliwa nayo.

2. Jifunze kusoma namba za ubavuni

Chukua 315/75R16. Namba 315 ni upana kwa milimita. 75 ni asilimia: ubavu una kimo cha asilimia 75 ya ule upana. 16 ni rimu kwa inchi. Hesabu yake:

Upana × 0.75 × 2, jumlisha rimu (16 × 25.4).
315 × 0.75 × 2 = 472.5. Rimu ni 406.4. Jumla kama milimita 879.

Linganisha na 805 ya kiwandani: tofauti ni 74. Lakini gari haliinuki milimita 74. Linainuka nusu yake, 37, kwa sababu nusu ya tairi iko chini ya ekseli na nusu iko juu. Watu wengi wanalipa hela nyingi wakidhani wataongeza shubiri nzima, kumbe ni upana wa vidole viwili.

3. Rimu inakubali?

Rimu ya 7.50R16 kwa kawaida ina upana wa inchi 5.5 au 6. Tairi ya 315 inataka rimu ya angalau inchi 8. Kwa hiyo umeshaongeza rimu tano kwenye bili. Nasema tano kwa sababu ya spea. Na kwenye 4x4 usifunge tairi za kimo tofauti mbele na nyuma. Ukiweka 4x4 kwenye lami au barabara kavu ngumu, ekseli mbili zinazungushwa pamoja huku tairi zinataka kwenda mwendo tofauti. Anayeumia ni difu na giaboksi ndogo.

Rimu pana mara nyingi inatoa tairi nje ya bodi. Hapo beringi zinabeba mzigo vibaya, stelingi inakuwa nzito, na tope linarushwa mpaka kwenye kioo cha nyuma yako.

4. Nguvu na breki

Tairi ikiongezeka kimo kutoka 805 hadi 879, nguvu ya kuvuta inayofika ardhini inapungua kwa kama asilimia 8. Injini ni ile ile na difu ni ile ile. Utaipata habari ukiwa na mzigo kwenye kilima: utashusha gia mapema, klachi itachoka, mafuta yataongezeka. Kwa Land Rover za zamani, hafu shafti za nyuma ndizo zinazosifika kwa kukatika. Tairi kubwa inayoshika vizuri kwenye mawe inaziongezea mateso.

Breki ndiyo yenye roho za watu. Land Rover 109 ina breki za dramu mbele na nyuma. Tairi kubwa na nzito inahitaji nguvu zaidi kuisimamisha. Kama leo gari lako unalisimamisha kwa kupampu mara mbili, usinunue tairi kubwa. Nunua breki.

5. Spidi mita itakudanganya

Ukifunga tairi ya 879 badala ya 805, mshale ukisema 50 wewe uko karibu 55. Ukisema 80 uko kama 87. Ukipigwa tochi kwenye eneo la 50, kumwambia trafiki "mshale ulisema 50" hakutakusaidia.

Kilomita nazo zinapungua kwenye kioo. Mwanza hadi Musoma ni kama kilomita 220, wewe utasoma kama 201. Unayepiga hesabu ya mafuta kwa kilomita, au unayetoza mteja kwa kilomita, unajipunja mwenyewe. Na sevisi ya kila kilomita 5,000 utaifanya ukiwa umeshapitiliza 5,400.

6. Barabara zako ni za aina gani?

Hapa kwetu ardhi si moja. Kwenye mbuga, ule udongo mweusi, mvua ikinyesha tope linashika kama ugali. Tope likiwa jembamba na chini pagumu, tairi nyembamba inakata na kufika pagumu. Tairi pana inaelea juu, inateleza, na tope linajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Kwenye mchanga wa ufukweni na ule udongo wa kichanga Wasukuma wanaouita luseni, tairi pana ina faida. Lakini hata nyembamba inapita mchangani ukipunguza upepo kidogo na kwenda taratibu. Sharti ubebe pampu na urudishe upepo kabla ya kushika lami. Tairi yenye upepo mdogo ikikimbizwa na mzigo inapata joto, na ikipata joto inapasuka.

7. Mzigo kwanza, urembo baadaye

Ubavuni, baada ya saizi, kuna namba ya uwezo wa mzigo. 104 maana yake tairi moja inabeba kilo 900. 112 ni kilo 1,120. 116 ni kilo 1,250. Yule mteja wangu zile 205 zake ziliandikwa 104: mbili za nyuma kilo 1,800 kwa jumla. Za 112 zinabeba kilo 2,240. Hiyo haimaanishi uzidishe mzigo kuliko gari linavyoruhusiwa. Inamaanisha tairi haitakuwa ya kwanza kukuangusha.

Kumbuka pia dagaa wakavu ni wepesi lakini wanajaza nafasi, kwa hiyo magunia tunayapanga mpaka juu ya kichwa cha gari. Ukilinyanyua gari kwa tairi kubwa na springi za kuongezea, halafu ukaweka mzigo juu, umelifanya jepesi kupinduka. Kona moja ya haraka inatosha.

Usisahau umri. Tafuta maandishi ya DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba yenye meno mazuri inaweza kuwa imekauka na kupasukapasuka. Ikunje ubavu, iangalie kwenye mwanga.

8. Bado unataka kubwa? Jaribu kabla ya kulipa

Mwombe muuzaji mfunge tairi moja tu mbele. Kata stelingi mpaka mwisho kulia, kisha kushoto. Halafu pandisha gurudumu hilo juu ya jiwe (Mwanza mawe hayajawahi kuadimika) na ukate tena. Fanya hivyo gari likiwa na mzigo. Ikigusa springi, bodi au paipu ya breki, hiyo si saizi yako. Fundi anaweza kupunguza mwisho wa stelingi ili isiguse, lakini gari litahitaji nafasi kubwa zaidi kugeuza, na kwenye vichochoro vya sokoni utaumia. Ulizia pia bima yako inasemaje kuhusu gari lililobadilishwa.

Yule kaka mwisho alichukua 7.50R16 tano, na hela iliyobaki akabadilisha viatu vya breki vyote. Mimi nilikosa faida ya rimu tano, lakini tangu siku hiyo spea zake zote anachukua kwangu, na ameniletea wenzake watatu. Wauza spea wenzangu, futi ya kupimia ni mtaji.

Kazi ya leo: chukua futi na karatasi, nenda kwenye gari lako. Andika saizi iliyopo, saizi ya kiwandani, upana wa rimu, namba ya mzigo na tarehe ya DOT. Ukiingia dukani na karatasi hiyo, muuzaji hatakuuzia asichokujua. Kila la heri barabarani.