Je, Uoni Wako Unazidi Kupungua? Njia Mbili za Kusoma Vipimo vya Macho

Mvuvi wa Moa anajua kwamba maji yakipwa mno siku moja ya bamvua, huo si ushahidi kuwa bahari imerudi nyuma. Anayetaka kujua kama bahari inakula ufuko huweka alama, akaitazama mwaka hadi mwaka. Vipimo vya macho navyo husomwa kwa busara hiyo.

Ugonjwa usiopiga hodi

Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, huharibu neva inayounganisha jicho na ubongo. Aina yake ya kawaida haina maumivu, na uoni uliopotea haurudi. Uchunguzi wa Kongwa, mkoani Dodoma, uliochapishwa mwaka 2000, uliukuta kwa takriban watu 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi.

Mgonjwa hufuatiliwa kwa kipimo cha uwanda wa kuona: hutazama katikati ya mashine na kubonyeza kitufe kila aonapo nukta ya mwanga. Kipimo kinachotumika sana hutathmini sehemu 52 za kila jicho. Tukikubali kosa la bahati 5 katika kila 100, basi sehemu 2 au 3 zaweza kuonekana zimezorota ilhali jicho halijabadilika. Uchovu, usingizi na ugeni wa mashine huongeza makosa hayo.

Njia ya kwanza: kulinganisha na mwanzo

Vipimo viwili vya awali huwekwa kuwa msingi, na kila kipimo kipya hulinganishwa navyo. Ili kuepuka kengele ya uongo, dalili hutakiwa kujirudia. Utafiti wa glakoma ulioanza Sweden mwaka 1993 ulitaka sehemu 3 zilezile zizorote katika vipimo 3 mfululizo.

Njia hii hugundua mapema doa dogo linalokua. Udhaifu wake ni kwamba haisemi uoni unapungua kwa kasi gani. Tena, msingi ukipimwa vibaya, hukumu zote zitakazofuata hupotoka.

Njia ya pili: mstari wa mwelekeo

Hapa vipimo vyote huwekwa kwenye jedwali na kupitishiwa mstari mmoja unaoonyesha kasi kwa mwaka. Tuchukue mfano wa kubuni: mtu aliyepimwa mara 6 kwa nafasi sawa ndani ya miaka 2, upungufu wake ukawa desibeli 4.0, 4.4, 6.9, 4.6, 5.0 na 5.1. Anayelinganisha kipimo cha kwanza na cha tatu peke yake ataona kasi ya desibeli 3.6 kwa mwaka, na huenda akaharakishiwa upasuaji. Mstari wa vipimo vyote sita unaonyesha takriban desibeli 0.36 tu: sehemu moja ya kumi.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inahitaji vipimo vingi, na wastani waweza kuficha doa dogo. Mwaka 2008 watafiti walioongozwa na Balwantray Chauhan wa Kanada walishauri vipimo 6 katika miaka 2 ya mwanzo, ili anayepoteza uoni kwa kasi asichelewe kutambuliwa.

Ipi iliyo bora?

Hakuna inayotosha peke yake. Ya kwanza hujibu swali, "Je, kuna mabadiliko?" Ya pili hujibu, "Yanakwenda kwa kasi gani?" Mwenye miaka 45 na mwenye miaka 80 wakiwa na kasi moja, hatari yao si moja, kwa kuwa wa kwanza ana miaka mingi zaidi ya kuhitaji macho hayo.

Haki na wajibu wako

1. Omba nakala ya kila kipimo, uihifadhi mahali pakavu. Bila vipimo vya zamani, daktari mpya huanza upya.
2. Kabla ya kufunga safari ya Tanga, Moshi au Mombasa, piga simu uulize kama mashine inafanya kazi na kipimo kinagharimu kiasi gani.
3. Ukiweza, pimwa kwa mashine ileile na programu ileile. Vipimo vya mashine tofauti havilinganishwi moja kwa moja.
4. Kipimo kimoja kikiwa kibaya, uliza: "Je, tukirudie kabla ya kubadili matibabu?"
5. Kipimo kimoja kikiwa kizuri, usiache dawa. Dawa ya matone huzuia hasara, hairudishi kilichopotea.
6. Uliza kasi yako kwa mwaka, na imetokana na vipimo vingapi.

Lakini jicho likiuma ghafla, likawa jekundu, au uoni ukafifia kwa saa chache, usingoje mfululizo wa vipimo. Nenda hospitali siku hiyohiyo.