Dondoo muhimu: Deraya ya kujitengenezea

Katika Society for Creative Anachronism, chama cha kuigiza maisha na mapigano ya Zama za Kati kilichoanzia Berkeley, California, mwaka 1966, panga ni za henzerani lakini vipigo ni vya kweli. Ndiyo maana deraya ni lazima. Anza na kofia: chuma kisichopungua unene wa milimita 1.6, sponji ngumu ndani, mkanda wa kidevuni, na nondo za usoni zilizokaribiana hata fimbo yenye unene wa sentimita 2.5 isipenye. Hujui kuchomelea? Hiyo inunue, usibahatishe. Kinga ya kifua waweza kuikata kwenye pipa la buluu la plastiki. Pasha moto, kunja, kisha ifunike kwa kitambaa, maana plastiki ya buluu inachekesha. Figo, viwiko na magoti visiachwe wazi. Kinga za mapaja zining'inie kwenye mkanda mpana wa kiunoni. Vaa kwanza nyumbani, uchuchumae, uinue mikono; panapobana, legeza ribiti.