Anza na Kivuli: Kuchora Mitumbwi ya Musoma kwa Rangi za Maji

Anayeanza kuchora mitumbwi pale Mwigobero, Musoma, hufanya jambo moja bila kufundishwa na mtu. Huuchora mtumbwi wote kwa penseli, mstari kwa mstari, mpaka namba ya usajili iliyoandikwa ubavuni, kisha huujaza rangi. Maji huachiwa nafasi iliyobaki, nayo hupakwa bluu. Kinachopatikana ni chombo kinachoning'inia hewani. Mwongozo huu unakwenda kinyume: zoezi la kivuli kwanza, maji yafuate, rangi ya chombo ije mwisho. Tutaanzia Butiama kwenye mawe, tushuke Musoma kwenye mitumbwi, tumalizie Bunda kwenye watu.

Vifaa

Usinunue sanduku la rangi ishirini na nne. Nne zinatosha kwa Ziwa Victoria zima: bluu ya altramarini, siena iliyochomwa (ile inayofanana na tofali), manjano ya udongo, na nyekundu moja kali. Altramarini ikichanganywa na siena hutoa kijivu cha kila aina, kuanzia cha moshi hadi kinachokaribia weusi, kwa hiyo rangi nyeusi ya tyubu iache dukani. Altramarini na manjano ya udongo hutoa kijani kizito cha mafunjo na magugu maji. Nyekundu ni ya bendera, beseni na kanga.

Brashi mbili za duara, kubwa ya namba 12 na ndogo ya namba 6, na sahani nyeupe ya kuchanganyia. Karatasi nzuri ni ya pamba, yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, nayo ni ghali. Jizoeze kwanza kwenye manila, ila ibandike kwa tepu ya karatasi pande zote nne juu ya kipande cha plaiwudi, la sivyo itakunjamana ikilowa. Ongeza mshumaa mweupe. Kazi yake utaiona mbele.

Maji beba mwenyewe, chupa mbili, moja ya kuoshea brashi na moja ya kuchanganyia. Ya ziwani yana uchafu na mwani unaotibua rangi, na kuna sababu nzito zaidi: kichocho. Ziwa Victoria lina konokono wanaokibeba, na mtu aliyetumbukiza miguu majini saa mbili nzima huku akichora amejipeleka mwenyewe. Kaa juu ya jiwe. Upande wa Mto Mara na Bunda, kumbuka pia mamba.

Jambo moja kuhusu rangi yenyewe, maana ndilo linaloeleza mengine yote. Rangi ya maji ni unga laini wa rangi ulioshikizwa kwa gundi ya mgunga, jamii ya ile miti inayosimama ukitoka Bunda kuelekea Serengeti. Gundi hiyo huyeyuka tena ikiguswa na maji, hata baada ya kukauka. Ukisugua mara ya pili unaondoa ulichoweka mara ya kwanza. Halafu rangi hii hupitisha mwanga: weupe wa picha ni karatasi yenyewe. Edward Saidi Tingatinga, alipoanzisha mtindo wake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi nzito za mafuta zinazofunika. Kwa rangi zile unaweza kuweka nukta nyeupe juu ya nyeusi. Kwa hizi huwezi. Ukiziba mwanga, umeuziba.

Hatua ya kwanza: mawe ya Butiama

Butiama haina bandari, ingawa meli ya MV Butiama ya Mwanza imebeba jina lake. Ina mawe. Vilima vinavyozunguka kijiji alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 vimejaa matale makubwa ya mviringo, nayo ni walimu wavumilivu kwa kuwa hayatikiswi na wimbi wala hayaondoki na mwenyewe.

Chagua jiwe moja asubuhi. Changanya altramarini na siena, upake kivuli peke yake: upande usio na jua na alama ya jiwe ardhini, vyote kwa mpako mmoja ulioungana. Usichore mzingo wa upande wenye jua. Ukirudi nyuma hatua tatu utaona jiwe limekamilika, maana jicho limejaza lenyewe. Rudia mpaka mkono uzoee kuacha. Nashauri mtu asishuke ziwani kabla ya kufaulu zoezi hili. Wengi hawanisikilizi, na picha zao zinasema.

Hatua ya pili: chagua saa na siku

Musoma jua huchomoza kuanzia saa 12 na nusu hivi hadi karibu saa 1 asubuhi, kutegemea mwezi, na huwa utosini mnamo saa 7 kasorobo mchana. Kati ya saa 4 na saa 9 vivuli ni vifupi na mwanga ni wa bapa. Nenda ukanywe chai. Asubuhi ndiyo saa ya taswira majini, kwa kuwa upepo wa ziwani huwa bado haujaamka. Alasiri huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, maji yakakatikakatika na taswira ikapotea. Jioni, ukitazama magharibi, mitumbwi huwa myeusi tu dhidi ya mng'ao. Picha hiyo ni rahisi kuliko inavyoonekana, ndiyo sababu kila mtu anayo.

Tazama na mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, kwa hiyo mitumbwi hupumzishwa siku kadhaa. Hizo ndizo siku zako. Vyombo vimetulia ufukweni na wenyewe wanashona nyavu.

Hatua ya tatu: salimia

Mgeni anayekaa mwaloni, pale wavuvi wanapotua, na daftari, akitazama mitumbwi na kuandika, atadhaniwa ofisa anayesaka nyavu haramu. Msalimie mzee wa kwanza utakayemkuta, “Shikamoo mzee,” sema unachora, onyesha daftari, uliza viongozi wa mwalo wako wapi. Kwenye bandari rasmi na gati la kivuko usiingie bila ruhusa ya mlinzi. Haya huchukua dakika kumi na huokoa asubuhi nzima.

Hatua ya nne: vichoro vidogo

Kabla ya rangi, chora vichoro vitatu vyenye ukubwa wa kiberiti, kwa penseli, na kila kimoja kiwe na viwango vitatu tu: weupe wa karatasi, kijivu, na giza. Amua hapo weupe utabaki wapi. Mchoraji Mmarekani Winslow Homer alipoanza rangi za maji kwa dhati kiangazi cha 1873, kwenye mji wa wavuvi wa Gloucester, Massachusetts, alikuwa ameshafanya kazi miaka mingi akichorea magazeti picha za nyeusi na nyeupe. Mwanga na giza alikwisha kuvimaliza. Rangi ilikuja juu ya elimu hiyo.

Hatua ya tano: umbo la chombo

Hapa penseli inaruhusiwa, kidogo. Chora namba 8 ndefu, iliyolala na kuvutwa upande mmoja. Tundu moja la nane ni nusu ya omo, la pili ni nusu ya tezi, na pale mistari inapokutana ndipo tumbo la mtumbwi linapoonekana kubanwa likitazamwa kwa mshazari. Kisha shusha ubavu kutoka kwenye ukingo wa karibu hadi kwenye maji. Mitumbwi mingi ya mbao ya ziwa hili huinuka omo. Ukiichora bapa umechora hori la ng'ombe.

Pima kwa penseli iliyonyooshwa mkono: urefu wa chombo ni mara ngapi ya kimo chake? Wanaoanza huchora vyombo vifupi na vinene mno. Halafu weka mbao za kukalia, na uzifanye zikaribiane zaidi kadiri zinavyokwenda mbali nawe.

Hatua ya sita: mpako wa kwanza

Inamisha ubao kidogo kuelekea kwako. Lowanisha karatasi kuanzia juu, na pale utakapotaka mng'ao majini sugua mshumaa kwanza karatasi ikiwa kavu. Nta itakataa maji. Paka mbingu, vilima vya Kinesi vilivyo ng'ambo ya ghuba, na maji, vyote kwa mwendo mmoja wa brashi kubwa, ukikwepa sehemu ya chombo inayopigwa na jua. Usirudi nyuma kurekebisha. Maji ya Musoma si bluu ya kadi ya posta. Karibu na ufukwe ni kijani chenye udongo, na bluu huja mbali tu, pale yanapobeba mbingu.

Miezi ya kiangazi rangi hukauka kabla hujafika nusu. Tone moja au mawili ya gliserini ya duka la dawa kwenye chupa ya kuchanganyia huichelewesha. Yakizidi, picha haitakauka kamwe.

Hatua ya saba: kivuli na taswira

Ndiyo hatua yenyewe, na ndipo watu wengi huchanganya vitu viwili. Kivuli hufuata jua: likiwa kulia, huanguka kushoto. Taswira haifuati jua. Hushuka wima chini ya kitu, daima ikija kwako, popote jua lilipo. Mlingoti ulioegemea kulia, taswira yake nayo huegemea kulia. Kitu cheupe, majini huonekana kimeingia giza kidogo. Kitu cheusi huonekana kimepungua weusi. Yaani taswira haifikii weupe mkali wala weusi mkali wa chombo chenyewe.

Karatasi ikikauka, changanya kijivu kizito na upake ubavu wenye kivuli, giza la ndani ya chombo, kivuli kilicho ardhini au majini, na taswira, vikiwa vimeungana bila mpaka. Hapo mtumbwi unakaa. Ukingo wa chini wa taswira uvunje kwa mapigo machache ya kulala, mafupi karibu na chombo na mapana kadiri yanavyokuja kwako. Rangi ya mtumbwi, ile bluu au nyekundu iliyobabuka, weka baadaye, tena nyepesi. Jina lililoandikwa ubavuni lionyeshe kwa alama mbili tatu. Atakayetaka kulisoma aende Mwigobero.

Kivuko cha Kinesi kiache hadi ufaulu mitumbwi. Kina mistari mingi iliyonyooka, nayo haisamehe.

Hatua ya nane: watu wa Bunda

Guta ni mwalo wenye vurugu nzuri, na Kisorya, mahali kivuko cha kwenda Rugezi, Ukerewe, kinapopakia, kuna abiria, mizigo na pikipiki kwa pamoja. Kanuni moja inatosha kuwapanga watu wote. Ukiwa umesimama kwenye ardhi tambarare, vichwa vya watu wazima waliosimama huwa karibu usawa mmoja na macho yako, wa mbali na wa karibu. Kinachobadilika ni miguu kupanda juu ya picha kadiri mtu anavyokuwa mbali. Kwa hiyo weka nukta za vichwa kwenye mstari mmoja, kisha shusha miili kwa pigo moja la brashi. Usichore nyayo. Watu wawe vikundi vilivyogusana, vivuli vyao vikiungana, na mmoja tu apewe ile nyekundu.

Dagaa walioanikwa usiwachore mmoja mmoja. Burura brashi iliyokaribia kukauka juu ya karatasi yenye mikwaruzo, weupe ubaki kwenye vinundu. Mbali kidogo utaona fedha. Siku isiyo na vyombo, simama pembezoni kwenye Daraja la Kirumi, utazame mafunjo ya Mto Mara. Ni zoezi zuri la kijani kimoja chenye sura nyingi.

Picha ikikauka, usianze na marafiki watakaoisifu. Mpelekee mwenye mtumbwi. Muulize kama chombo hicho, kilivyokaa kwenye karatasi yako, yeye angekubali kukipanda usiku.