Uhai wa Istilahi Sura ya Kompyuta Inapobadilika
Jambo OpenOffice, iliyotayarishwa kwa mchango wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, ilithibitisha kwamba menyu yaweza kusema Kiswahili. Swali gumu zaidi ni uhai wa istilahi. Windows 8 (2012) iliondoa kitufe cha kuanzia, Windows 8.1 (2013) ikakirejesha. Windows 11 (2021) ikakisogeza katikati. Mchapaji wa Kariakoo aliyefundishwa “bonyeza kule chini kushoto” hubaki hana neno. Aliyefundishwa jina la kazi hupotewa na mahali tu. Hifadhi nayo ingali hai ilhali disketi zimetoweka. Lakini kipanya, jina la umbo, limedumu hata baada ya mkia wa waya kukatika: mazoea yalikwisha kukomaa.