Taa za Saiti Usiku: Tujenge Bila Kuwasumbua Majirani na Viumbe

Katika somo hili la mazingira tunaangalia jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa uchafuzi, nalo ni mwanga. Moshi tunauona, kelele tunazisikia, taka tunazikwepa njiani. Mwanga tunaushangilia, hasa sisi tuliosoma kwa kibatari. Hata hivyo, mwanga mkali ukielekezwa pasipotakiwa usiku kucha, una madhara.

1. Kwa nini Karema

Karema iko kando ya Ziwa Tanganyika, mkoani Katavi. Wabelgiji walianzisha kituo hapo mwaka 1879, na mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika wakakipokea. Miaka ya karibuni Serikali imejenga bandari hapo kwa karibu shilingi bilioni 48, ili kurahisisha biashara na Kongo ng'ambo ya ziwa. Reli ya kutoka Mpanda nayo imo katika mipango. Ujenzi utaendelea, nasi tunauhitaji. Zipo kazi zisizoweza kungoja asubuhi: zege likianza kumwagwa, haliachwi katikati kwa sababu jua limezama. Basi swali letu ni namna ya kuwasha taa, si kama ziwashwe au la.

2. Mvuvi analijua somo hili

Usiku, viumbe wadogo wa majini hupanda karibu na uso wa ziwa. Dagaa huwafuata ili wale, na migebuka huwafuata dagaa. Mvuvi huenda na karabai, au siku hizi taa ya betri, akawavuta dagaa hadi kwenye wavu. Lakini mbalamwezi inapokuwa pevu, wengi hupumzika, kwa kuwa taa yao haina nguvu tena: mwanga umetapakaa kila mahali.

Sasa tupime. Mwezi mpevu huangaza kwa takriban laksi 0.3 tu. (Laksi ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu.) Kiwango kinachotumika Ulaya kwa kuchimba na kupakia mizigo kwenye saiti ni laksi 20, yaani zaidi ya mara 60 ya mbalamwezi; kwa ujenzi wa kawaida ni laksi 50. Taa kubwa ya saiti ikielekezwa ziwani, kwa maji ya karibu ni kama mwezi mpevu usiotua. Mvuvi mdogo asiye na injini ya kumpeleka mbali ndiye anayeumia kwanza.

3. Viumbe wengine

Wadudu wanaozunguka taa hawaipendi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba mdudu arukaye huelekeza mgongo wake upande wenye mwanga, kwa sababu usiku wa asili mbingu ndiyo yenye nuru kuliko ardhi. Taa inamchanganya, anazunguka hadi anachoka. Pwani, kwa mfano kisiwani Mafia, watoto wa kasa wakitoka kwenye mchanga huifuata nuru ya upeo wa bahari. Taa za nchi kavu huwapoteza. Na kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani, kwa hiyo njia zake zibaki gizani.

Zaburi ya 104 inaueleza usiku kama zamu ya wanyama wa porini, na mchana kama zamu ya mwanadamu kwenda kazini. Tukikesha kazini, tujue tumeingia katika zamu ya wengine.

4. Jirani

Mwanga wa usiku, hasa mweupe wenye rangi ya buluu ndani yake, huuzuia mwili kutengeneza homoni inayoandaa usingizi. Anayelala kwenye nyumba yenye dirisha la pazia jepesi, mtoto mchanga, mgonjwa, wote hulipa gharama ya taa wasiyoiomba.

5. Tufanye nini

(a) Tuwashe panapofanyika kazi tu. Mafundi wakihamia upande wa pili, taa za huku zizimwe.
(b) Taa itazame chini, iwe na kofia ya kuzuia mwanga kwenda juu na pembeni. Isielekezwe ziwani wala kwenye nyumba.
(c) Taa ndogo zilizo karibu na kazi ni bora kuliko moja kubwa ya mbali. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga hupungua hadi robo. Anayeweka taa mbali hulazimika kuongeza nguvu, na mafuta ya jenereta pia.
(d) Tuchague rangi ya njano, isiyozidi Kelvini 3000.
(e) Kwa ulinzi, zitumike taa zinazowaka zenyewe mtu anapopita. Taa kali inayompiga mlinzi usoni humficha mwizi kivulini.
(f) Kabla ya usiku wa zege, majirani waambiwe tarehe na saa.

Usalama wa fundi haupungui kwa hatua hizi. Taa isiyomchoma macho humwezesha kuona shimo na nondo vizuri zaidi.

6. Sheria na mfano wetu

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi washirikishwe. Katika mikutano hiyo tumezoea kuuliza juu ya fidia, vumbi na ajira. Tuulize pia taa zitatazama wapi.

Nasi tuanze na kwetu. Parokia zetu zinajenga makanisa, mabweni na zahanati. Mkandarasi akikabidhiwa ramani, apewe na masharti ya taa, kisha mmoja wetu apite usiku nje ya uzio, asimame mlangoni kwa jirani, aone anachokiona jirani.

Maswali ya kujadili

1. Ni taa ipi katika mazingira yetu inayowaka usiku kucha bila kazi?
2. Nani karibu nasi hulala au hutafuta riziki gizani, na tumewahi kumuuliza?
3. Katika ujenzi wetu ujao, nani atasimamia taa?