Kutoka Kupi, Mdogo Wangu?

Mdogo wangu wa Muheza, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Kijana anayekuja na Fuso kununua machungwa alikuandikia kwa Kiingereza: "Let's go out on Saturday." Ukakumbuka ya darasani: "go" ni kwenda, "out" ni nje. Ukajibu "ok". Sasa anakuita mchumba mbele ya wapakiaji, nawe unaniuliza, "Dada, nimekosea wapi?"

Hujakosea sana. Umekutana na kitenzi chenye mkia. Kiingereza cha mazungumzo kimejaa vitenzi hivyo: kijineno kikishafungwa nyuma, maana inahama. "Go out" ni kutoka nyumbani. Ni kwenda kustarehe pia, huo tunaouita mtoko. Na watu wawili wakiwa wapenzi, husemwa "they are going out". Taa ikizimika ni hilo hilo, na bahari ikipwa ni hilo hilo! Hapo sisi tumewazidi Waingereza: tuna kupwa, neno lililotuzalia pwani.

Lakini tusiwacheke, maana kutoka kwetu nako kuna mambo yake. Umependeza, utaambiwa "leo umetoka". Msanii akifanikiwa, "katoka". Bibi "akitutoka", tunakwenda matangani. Na ukisikia fulani "anatoka na" fulani, nani atadhani wametumwa dukani? Hiyo "na" ndogo ndiyo iliyobeba mzigo wote.

Kwa hiyo, neno ulilolielewa nusu usilijibu "ok". Kuuliza si ujinga. Uliza kwa Kiswahili chako: tunakwenda wapi, na nani, tunarudi saa ngapi, na mimi nakuja kama nani wako? Mwenye nia njema hatoona tabu kujibu.

Huyu wa Fuso mwandikie leo, usingoje Jumamosi: "Nilielewa matembezi. Kama ulimaanisha uchumba, sijakubali." Usiongeze samahani tano. Na kama matembezi bado unayataka, wewe ndiye upange: ufukweni Raskazone, Tanga, mchana, na shoga yako mmoja, nauli ya kurudi Muheza ikiwa kwenye pochi yako, si mfukoni mwake.

Akikubali, mtakwenda kupunga upepo. Akinuna, basi amekutafsiria mwenyewe ile "go out" yake, tena bila kamusi.